Kinyonga wa milimani: Jina moja lililoficha spishi saba

KWA mkazi wa Mwadui, Shinyanga au Geita, kinyonga ni mmoja tu. Ni yule wa kijani, au wa rangi ya majani makavu, anayeonekana kwenye ua wa minyaa wakati wa mvua au akivuka barabara kwa hatua za kusitasita, huku watoto wakimkimbia na baadhi ya watu wazima wakimrushia mawe. Lugha yetu nayo imempa sifa chache zisizobadilika. Jambo linalochelewa huenda kwa mwendo wa kinyonga, na mtu anayebadili msimamo kila kukicha huitwa kinyonga.

Kwa wataalamu wa elimu ya wanyama, hata hivyo, jina hilo moja linabeba wanyama wengi. Ukiacha kisiwa cha Madagascar, Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye spishi nyingi zaidi za vinyonga duniani, na sehemu kubwa ya utajiri huo haipo katika tambarare kama za Usukumani bali katika misitu ya milimani. Baadhi ya vinyonga hao huishi katika mlima mmoja tu na hawapatikani penginepo popote duniani.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kundi la vinyonga wa milimani wenye pembe mbili puani lilihesabiwa chini ya mwavuli wa jina moja, kinyonga wa Fischer. Leo kundi hilo linajulikana kuwa na angalau spishi saba. Makala haya yanaeleza jinsi ukweli huo ulivyobainika, alama zinazotumika kumtambua kila mmoja, na sababu inayofanya jina la mjusi wa milimani liwe jambo lenye uzito kwa taifa.

Kinyonga ni mjusi

Kitaalamu, kinyonga ni mjusi. Yumo katika kundi moja kubwa na mjusi kafiri, kenge na mjusi wa ukutani, isipokuwa ana familia yake mwenyewe iitwayo Chamaeleonidae. Alama za familia hiyo ni rahisi kuziona. Vidole vyake vimeungana katika mafungu mawili yanayobana tawi kama koleo, macho yake huzunguka kila moja kivyake, ulimi hufyatuka kukamata wadudu, na mkia wa walio wengi hujisokota na kushika matawi.

Hana sumu. Hang'ati mtu kwa madhara, wala hakuna ushahidi wowote wa kitabibu kwamba kumgusa huleta ugonjwa au mkosi. Kuvimba, kupanua kinywa na kutoa sauti ya kufoka ni njia zake za kumtisha adui, kwa kuwa hawezi kukimbia.

Yule wa Mwadui anajulikana kwa jina la kisayansi la Chamaeleo dilepis, alilopewa mwaka 1819. Alama yake kuu ni vipande viwili vya ngozi nyuma ya kichwa, mfano wa masikio, ambavyo huvifunua anapokasirika. Mnyama huyu amezoea savana, mashamba na bustani, na ameenea katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara. Mtu akiwaweka pamoja mmoja wa Shinyanga na mwingine wa Dodoma, hatapata tofauti ya maana. Tambarare haikumzuia kusafiri wala kuchanganyika na wenzake.

Wa milimani wana historia tofauti. Kwa msomaji wa Kanda ya Ziwa, mfano wa karibu uko mashariki, ukipita Singida, katika Mlima Hanang mkoani Manyara wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Katika msitu wa mlima huo anaishi kinyonga asiye na pembe anayeitwa Kinyongia uthmoelleri, aliyepewa jina mwaka 1938 na Mjerumani Lorenz Müller. Anapatikana pia katika nyanda za juu za Ngorongoro. Ila mtu anaweza kutembea siku nyingi katika mbuga kavu zilizo kati ya Shinyanga na Hanang asimwone hata mmoja, kwa sababu mnyama huyu anahitaji ukungu, kivuli na baridi ya msitu.

Kila mlima ni kisiwa

Hapo ndipo ilipo siri ya wingi wa spishi hizi. Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya na kupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa, hupata unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Unyevu huo umeilinda misitu yake kwa muda mrefu sana, hata katika vipindi ambavyo sehemu nyingine za Afrika Mashariki zilikauka. Kati ya mlima na mlima kuna tambarare yenye joto na nyasi.

Kwa ndege au tembo, tambarare hiyo ni njia. Kwa kinyonga wa msituni ni sawa na bahari. Aliyebaki Nguru hakuweza kuoana na aliyebaki Usambara, na baada ya mamilioni ya miaka kila kundi likawa na umbile na vinasaba vyake. Ndiyo maana wanasayansi huitazama milima hii kama visiwa vilivyozungukwa na nchi kavu.

Safari ndefu ya jina

Simulizi ya kitaalamu ya kinyonga wa pembe mbili ilianza mwaka 1887. Mjerumani Anton Reichenow, aliyefanya kazi katika makumbusho ya Berlin, alimweleza mnyama aliyetoka milima ya Nguru, ambayo leo iko mkoani Morogoro, na kumwita Chamaeleon fischeri. Baada ya hapo majina yalifuatana. Mwaka 1891 mtaalamu wa Vienna, Franz Steindachner, alimtaja kinyonga wa upande wa Kilimanjaro kwa jina linalotokana na mji wa Taveta. Mwaka 1895 Franz Werner alimtaja matschiei, na mwaka 1913 Fritz Nieden akawataja multituberculata na vosseleri. Hao watatu walitoka Usambara.

Jina la mwisho linamkumbuka Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani wakati wa utawala wa Wajerumani.

Wataalamu waliofuata waliona tofauti hizo ni ndogo mno. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi Tanganyika kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alimweleza kinyonga wa Uluguru mwaka 1957, lakini akamweka kama jamii ndogo ndani ya spishi ya fischeri. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazoea ya wakati huo. Wanyama wanaofanana walikusanywa katika kapu moja, na tofauti za mlima hadi mlima zikachukuliwa kuwa mambo madogo ya kimaeneo.

Jina la jenasi nalo lilihama. Mwanzoni vinyonga karibu wote walikuwa Chamaeleo. Mwaka 1986 wataalamu Charles Klaver na Wolfgang Böhme waliwahamishia hawa wa milimani katika jenasi ya Bradypodion, pamoja na vinyonga wadogo wa Afrika Kusini. Uamuzi huo ulidumu miaka 20. Mwaka 2006 Colin Tilbury, Krystal Tolley na William Branch walionyesha kwa vinasaba kwamba wa Afrika Mashariki hawana udugu wa karibu na wale wa kusini. Kuna hata alama inayoeleweka bila maabara: Bradypodion wa Afrika Kusini huzaa watoto walio hai, ilhali wa kwetu hutaga mayai.

Jenasi mpya ilihitaji jina, na watafiti hao walilitoa katika Kiswahili. Waliiita Kinyongia. Katika andiko hilohilo, kinyonga wa Mlima Mulanje nchini Malawi aliwekwa katika jenasi ya Nadzikambia, jina lililotokana na neno la Kichewa la kumtaja kinyonga. Hivyo neno la mitaani mwetu sasa limo katika vitabu vya sayansi vya dunia nzima.

Namna ya kumtambua

Mwenyeji wa Mwadui anaifahamu kazi ya kutofautisha vitu vinavyofanana. Tangu John Williamson, mwanajiolojia kutoka Canada, alipogundua almasi mahali hapo mwaka 1940, kazi ya mgodi haikuishia katika kuchimba. Jiwe likitoka ardhini hupimwa uzito, umbo, usafi na rangi, na kutokana na vipimo hivyo hupata daraja na bei. Almasi ya waridi ya karati 54.5 iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilipata umaarufu kwa sababu kuna aliyeitenga na mawe mengine na kutambua ni kitu gani.

Kwa kinyonga kazi ni hiyohiyo, ila rangi, ambayo ni kipimo muhimu kwa almasi, ndiyo ya kwanza kuwekwa kando. Kinyonga hubadili rangi kwa hasira, hofu, joto, baridi au tamaa ya kujamiiana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza mwaka 2015, baada ya kumchunguza kinyonga mmoja wa Madagascar, kwamba chini ya ngozi kuna chembe zenye fuwele ndogo mno, na umbali kati ya fuwele hizo ukibadilika, rangi ya mwanga unaorudishwa hubadilika pia. Isitoshe, mnyama aliyehifadhiwa kwenye chupa ya pombe makumbusho hupoteza rangi zake. Kwa hiyo mtaalamu hutazama alama zisizobadilika.

Ya kwanza ni pembe. Dume wa kundi la Fischer ana pembe mbili bapa zinazochomoza mbele ya pua, zilizofunikwa na magamba. Zinatofautiana na pembe za mviringo, zenye pete kama za swala, alizonazo kinyonga wa pembe tatu wa Usambara, ambaye yumo katika jenasi nyingine. Urefu wa pembe, upana wake na jinsi ncha zinavyoelekea huandikwa kwa milimita.

Ya pili ni jike. Katika baadhi ya spishi jike ana vipembe vifupi, na katika nyingine hana kabisa. Mtu aliyeona madume peke yake anaweza kudhani ni wamoja.

Ya tatu ni mgongo. Wengine wana safu ya miiba midogo inayoanzia shingoni na kwenda mbali, kwa wengine safu hiyo hukatika mapema. Ya nne ni magamba ya ubavuni, kama ni ya ukubwa mmoja au yamechanganyika na vinundu vikubwa. Jina multituberculata maana yake ni mwenye vinundu vingi. Ya tano ni umbo la kichwa, hasa ile sehemu ya mfupa iliyoinuka kisogoni mfano wa kofia.

Zaidi ya hizo, wataalamu huchunguza viungo vya uzazi vya dume, ambavyo hutofautiana sana kati ya spishi na spishi, kisha hulinganisha vinasaba kutoka katika kipande kidogo cha mwili. Mahali alipopatikana mnyama pia ni alama. Kinyonga asiye na kumbukumbu ya mlima alikotoka ni kama jiwe lililookotwa sokoni.

Kazi ya kuwatafuta hufanyika usiku. Mchana kinyonga hujificha kwa ustadi, lakini akilala kwenye ncha ya kijiti ngozi yake hupauka, na mwanga wa tochi humwonyesha mara moja juu ya majani ya kijani.

Uamuzi wa mwaka 2008

Mwaka 2008 watafiti Jean Mariaux, Nicolà Lutzmann na Jan Stipala walichapisha uchunguzi wao juu ya vinyonga wa pembe mbili wa Afrika Mashariki, wakiunganisha maumbile na vinasaba. Majina ya zamani yaliyokuwa yamefukiwa yalirudishwa, na mipaka ya kila spishi ikachorwa upya.

Kwa mpangilio unaokubalika leo, Kinyongia fischeri halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu. Kinyongia multituberculata ni wa Usambara Magharibi, upande wa Lushoto. Usambara Mashariki, upande wa Amani, kuna wawili, matschiei na vosseleri. Kinyongia uluguruensis ni wa Uluguru. Kinyongia tavetana anaishi Kilimanjaro, Meru na Pare, na Kinyongia boehmei ni wa vilima vya Taita nchini Kenya.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini jina fischeri lilibaki Nguru na halikwenda Usambara, ambako mnyama anajulikana zaidi. Jibu liko katika kanuni za kimataifa za majina ya wanyama. Jina hufungwa kwa kielelezo cha kwanza kilichoelezwa na mwandishi wake na mahali kilikotoka. Mnyama wa Reichenow alitoka Nguru, hivyo jina ni la Nguru. Na pale mnyama mmoja anapokuwa na majina mawili, lililotangulia kuchapishwa ndilo linalotumika.

Jina na hatima ya mnyama

Kwa miaka mingi, wafugaji wa Ulaya na Marekani walinunua vinyonga kutoka Tanzania kwa jina la kinyonga wa Fischer. Wengi wa wanyama hao walitoka Usambara. Maana yake ni kwamba karatasi za biashara zilitaja spishi ya Nguru, ilhali waliokuwa wakipungua ni wa mlima mwingine. Aliyetaka kujua kama mavuno hayo yanastahimilika asingeweza kupata jibu sahihi, kwa kuwa hesabu iliandikwa kwa jina lisilo lake.

Vinyonga hawa wamo katika orodha ya Mkataba wa Kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka (CITES), ambao unadai kibali kwa kila mnyama anayevuka mpaka. Kibali, hata hivyo, huandikwa kwa jina la spishi. Ofisa wa forodha asiyeweza kumtofautisha wa Lushoto na wa Nguru hana namna ya kujua kama karatasi aliyopewa inasema kweli. Mwaka 2016 Serikali ya Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, hatua iliyowagusa pia vinyonga.

Biashara ni sehemu moja tu ya hatari. Kubwa zaidi ni kupungua kwa msitu kutokana na mashamba, mkaa, mbao na moto. Hapa ndipo hesabu ya spishi inapobadili uzito wa jambo. Spishi ikiwa moja iliyoenea katika milima mingi, msitu mmoja ukiisha inapungua tu. Zikiwa saba, kila moja na milima yake, kupotea kwa msitu mmoja kunaweza kuwa mwisho wa mnyama ambaye hana kimbilio lingine duniani.

Mfano wa Magombera unaonyesha jinsi jina linavyoweza kusaidia. Katika msitu huo, ulio chini ya milima ya Udzungwa mkoani Morogoro, mtafiti Andrew Marshall alimkuta nyoka akiwa na kinyonga kinywani. Nyoka aliposhtuka alimwachia, na kinyonga huyo akawa mwanzo wa uchunguzi uliozaa spishi mpya, Kinyongia magomberae, iliyotangazwa mwaka 2009. Msitu uliokuwa ukikatwa na kuwaniwa kwa kilimo ukapata mkazi anayebeba jina lake. Miaka takriban kumi baadaye Magombera ikawa hifadhi ya mazingira asilia.

Kazi bado inaendelea, na Watanzania wamo ndani yake. Mwaka 2015 ilitangazwa Kinyongia msuyae, iliyojulikana wakati huo kutoka vipande vinne tu vya misitu katika milima ya Udzungwa na Livingstone. Jina hilo linamuenzi Charles Msuya, Mtanzania aliyetumia miaka mingi porini akikusanya kumbukumbu za vyura na wanyama watambaao. Mwaka 2022 John Lyakurwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza kwa mkupuo spishi mpya sita za vinyonga vibete, wale wadogo wanaofanana na jani kavu, kutoka Tao la Mashariki.

Mambo ya kukumbuka

Mtu anayekutana na kinyonga wa milimani hana haja ya kumkamata. Anaweza kumpiga picha ya ubavu mzima, ya kichwa kwa karibu na ya mgongo, kisha akaandika jina la mlima, kijiji na tarehe. Kumbukumbu hizo zikifika kwa wataalamu huwa na manufaa kuliko mnyama aliyefungiwa kwenye kopo bila maelezo. Kumhamisha kutoka mlima mmoja na kumwachia mwingine ni hatari, kwani kunachanganya kile kilichotenganishwa kwa mamilioni ya miaka.

Mchimbaji anayeokota jiwe asilolijua halitupi kabla ya kumwonyesha anayejua mawe. Misitu ya Hanang, Usambara, Nguru na Udzungwa inastahili uangalifu huohuo, kwa sababu hadi mwaka 2022 ilikuwa ikiendelea kutoa wanyama ambao sayansi ilikuwa haijawapa majina. Almasi ya Mwadui ikipotea inaweza kutafutwa nyingine shimoni. Spishi ya mlima mmoja ikipotea, hakuna shimo la kwenda kuichimba.